Kilio cha Mtoto na Kimya Chake

BISMILLAHI RRAHMANI RRAHIM

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetia rehema katika vifua vya wazazi kabla mtoto hajajua kusema. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyezaliwa yatima akalelewa na mikono mingi, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wanaume wa pwani wakikaa barazani baada ya sala ya alasiri, sifa wanayoipenda kwa mtoto kuliko zote ni kimya. Husemwa: mtoto wa fulani ana adabu, hujui kama yumo nyumbani. Na mtoto mwenye kulia sana husemwa kuwa amedekezwa, na mama yake hulaumiwa pamoja naye. Maneno haya yamezoeleka hata hakuna aulizaye: je, kimya cha mtoto ni adabu kweli? Na kilio chake ni utovu wa adabu, au ni dai la haki ambayo mtu mzima anadaiwa?

Swali hili si la maneno matupu, maana limo ndani ya nyumba za watu. Mfano ni wa mtu wa Korogwe aliyeoa Handeni. Ndoa haikudumu, akatoa talaka, mke akarejea kwao Handeni na mtoto wa miaka miwili na nusu, aliyekwisha kuacha ziwa. Ikapita miezi, kisha yule baba akapanda basi, akamtwaa mtoto, akamleta Korogwe kwa bibi yake mzaa baba. Siku ya kwanza mtoto alilia hata sauti ikamkauka. Siku ya pili alilia, na kila mwanamke aliyebisha hodi alimkimbilia mlangoni, akamtazama uso, akarudi. Siku ya tatu alilia kidogo kidogo bila machozi. Siku ya nne alikuwa kimya: akipewa chakula hula, akilazwa hulala. Bibi akamshukuru Mungu. Baba akawaambia wenziwe barazani: "Mtoto hana akili bado, amekwisha kusahau." Mfano huu hautaki jina la mtu, kwani kila msomaji wa pande zile aweza kuujaza jina alijualo.

Je, amesahau?

Miongoni mwa waliolishika swali hili kwa uchunguzi mrefu walikuwa watu wa London. Zamani desturi ya hospitali za Uingereza ilikuwa kuwazuia wazazi. Mtoto akilazwa, mama aliruhusiwa kumwona kwa nadra, kwa hoja kwamba mama akija mtoto hulia, na asipokuja hutulia. Mtu mmoja, James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na daktari John Bowlby tangu mwaka 1948, alipewa kazi ya kukaa wodini na kutazama tu. Akaona ya kuwa mtoto mdogo akitengwa na mama yake hupita katika hali tatu. Kwanza hupinga kwa kilio na kwa mikono na miguu, akitumaini ya kuwa kilio kitamrudisha mama. Kisha hukata tamaa, akanyamaza, akawa kama mfiwa. Hali ya tatu ndiyo iliyowadanganya wauguzi. Mtoto huinua kichwa, huchukua chakula, pengine hucheka na mgeni, na mama yake akija humtazama kama mtu asiyemjua, au hugeuza uso. Wauguzi walisema: ametulia. Robertson alisema: amejitenga, ameufunga moyo wake kwa sababu ya maumivu.

Mwaka 1952 alionyesha picha ya sinema ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa kwa siku nane. Mtoto huyo hakuwa mwenye kulia sana, alijizuia. Na kule kujizuia kwake ndiko kulikowaumiza waliotazama. Madaktari wengi walimkasirikia Robertson. Lakini mwaka 1959 kamati iliyowekwa na serikali ya Uingereza ilishauri wazazi waruhusiwe kuingia kwa watoto wao, na milango ya wodi ikaanza kufunguka polepole. Basi tazama: muuguzi wa London aliyesomea kazi yake, na bibi wa Korogwe mwenye huruma tele, wote wawili waliiona siku ya nne wakaisoma vibaya kwa namna moja.

Msomaji aweza kusema: hayo ni ya Wazungu, ambao kwao mama ni mmoja na mlango wa nyumba hufungwa, mtoto wa Kiafrika ana bibi, ana shangazi, ana mama mdogo, ana dada wa kumbeba mgongoni. Pingamizi hili ni zuri na halifai kupuuzwa.

Korogwe wachunguzi wamefika, lakini walikuja kwa ajili ya homa: tangu mwaka 2009 watoto wa huko walikuwamo katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria lililofanywa katika nchi 7 za Afrika. Uchunguzi mashuhuri wa mapenzi ya mtoto na mlezi wake ulifanywa kwa jirani, Uganda. Mwaka 1954 alifika Kampala bibi mmoja aitwaye Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi London pamoja na Bowlby yule yule. Alikuwa amesikia ya kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake, naye akataka kuona mtoto huwaje. Alipofika akakuta wengi wameiacha desturi ile. Basi akageuza kazi, akawafuata watoto 28 wa nyumba 26 katika vijiji vilivyouzunguka mji, akiingia kila nyumba mara moja kwa kiasi cha wiki mbili, kwa muda wa miezi mingi, pamoja na mwanamke wa huko aliyemfasiria. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Aliona nini? Aliona kuwa mtoto mwenye amani na mlezi wake hamng'ang'anii. Hutambaa akaenda mbali kidogo, akashika hiki na kile, akageuka kumtazama mama, akaendelea. Akishtuka hurudi, akatulia, akaenda tena. Ni kama mvuvi anayethubutu kulivuka jiwe kwa sababu anaijua bandari ilipo. Katika watoto 28 aliwahesabu 16 kuwa na amani hiyo. Wengine 7 walikuwa na wasiwasi, hulia hata wakiwa mikononi mwa mama zao. Na 5 hawakuonyesha bado kushikamana na mtu.  Alipotafuta sababu, aliikuta zaidi katika mama mwenye kumtazama mtoto wake, akajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, akakiitikia. Baadaye, huko Baltimore katika Marekani, yeye na mwenziwe walisema kuwa mtoto aliyeitikiwa upesi katika miezi ya kwanza hulia kidogo afikapo mwisho wa mwaka. Wako waliobishana naye juu ya hesabu hiyo, na mabishano ni haki ya elimu. Lakini hakuna tena mwanachuoni wa mambo haya asemaye kuwa mtoto mchanga huharibiwa kwa kuitikiwa.

Na ile mikono mingi? Imechunguzwa pia. Kwa Wahausa wa Nigeria, ambao ni Waislamu, maandishi ya mwaka 1977 yalieleza kuwa mtoto hushikamana na watu watatu au wanne, si mmoja. Kwa Wakisii wa Kenya, uchunguzi wa watoto 26 uliotolewa mwaka 1986 ulionyesha kuwa mtoto hushikamana na mama na pia na yule mlezi mdogo anayembeba mchana. Basi mwenye pingamizi amepata nusu ya haki yake. Moyo wa mtoto una nafasi ya walezi kadha wa kadha. Nusu ya pili hakuipata: kuwa na walezi watatu si sawa na kunyang'anywa mmoja na kupewa mwingine asiyemjua. Bibi wa Korogwe angekuwa mkono wa tatu au wa nne lau mtoto angalimzoea huku mama yupo. Aliletewa mtoto kama mzigo ushukao garini.

Sira ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, inatosha kuwa ushahidi hapa. Alinyonyeshwa na Halima katika jangwa la Bani Saad, akarudi kwa mama yake Amina, akafiwa naye akiwa na miaka sita. Akalelewa na Ummu Aiman, na babu yake, na ami yake. Ni mikono mingi kweli. Lakini je, alisahau mmoja wao? Imepokewa kuwa Halima alipomjia akiwa mtu mzima, alimtandikia nguo yake akae. Na Ummu Aiman alimwita mama baada ya mama yake. Wala Halima hakuwa mlezi wa kupita tu: sheria imeufanya unyonyeshaji kuwa udugu, na kwa madhehebu ya Shafi, nyonyo tano kabla ya kutimia miaka miwili zinamharamisha mtoto kama nasaba inavyoharamisha. Sheria isingaliyapa maziwa nguvu hiyo kama mambo ya utotoni ni mambo ya kusahauliwa.

Hapa lazima kusimama kwa yule baba, maana naye ana hoja, na hoja yake ni ya kifikihi. Katika pande zile desturi mbili hukutana. Wazigua wa Handeni katika mila yao ya kale walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na Wasambaa kwa upande wa baba. Ndiyo maana watu wa miji hii miwili wakigombea mtoto, kila mmoja huuliza: mtoto ni wa nani? Fikihi hujibu swali hilo upesi, kuwa nasaba ni ya baba na masurufu yako juu yake, kisha huuliza swali lingine: nani atamwangalia? Nalo ndilo mlango wa hadhana. Katika mlango huo Mashafi wamemtanguliza mama mpaka mtoto afikie kupambanua, kiasi cha miaka saba, kisha huhiyarishwa kati ya wazazi wake wawili, kwa sababu imepokewa kuwa Mtume alimhiyarisha mtoto. Mama akiolewa na mwanamume asiye jamaa ya mtoto, haki humtoka. Lakini haendi mtoto kwa baba moja kwa moja, bali mama wa mama ametangulizwa juu ya baba. Na mtoto wa Hamza alipogombewa na watu watatu, Mtume alimpa Jaafar, kwa kuwa mkewe ni khala yake, na khala yu mahali pa mama. Ni ajabu ya kupendeza kuwa sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, isiyotungwa na mafakihi, nayo imedhani kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba heri yake ni kukaa na mama, mpaka uletwe ushahidi wa kinyume.

Baba aliyedurusu Minhaji ya Imamu Nawawi atasema: hapana, umesahau mas-ala ya safari, mzazi mmoja akihama mji kwa kuhama hasa, baba hutangulizwa ili nasaba ihifadhiwe, na yule mwanamke ndiye aliyehama kwenda Handeni. Neno lake lina asili katika kitabu, wala si uwongo. Lakini wanavyuoni walipolisema walitazama safari za zama zao, baba asije akakosa kumjua mwanawe na mwana asimjue baba. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, na jioni mtu akaswali maghribi kwake. Nasaba gani itapotea katika njia hiyo? Tena tuseme hukumu ni yake. Jambo likiwa halali kwa mtu halijawa jema kwa namna yoyote atakavyolitenda. Kuchinja ni halali, na kumnoa mnyama kisu mbele ya macho yake kumekatazwa. Hata pale baba anapopewa mtoto, mafakihi wamemkataza kumzuia mama asimzuru, wakasema huko ni kukata kizazi. Basi ni wapi katika vitabu palipoandikwa kuwa mtoto atwaliwe kwa siku moja, bila mama kumpeleka, na bila bibi kuzoewa kwanza?

Iko hoja nyingine isemwayo barazani: watoto hawalingani, wako wapole wa kuzaliwa, na huyu ni mpole, hana taabu. Ya kwanza ni kweli. Madaktari wawili wa New York, mtu na mkewe, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza mwaka 1956 kuwafuata watoto tangu uchanga mpaka utu uzima, wakakuta wako walio wepesi, walio wagumu, na walio wazito wa kuzoea. Na tabia hizo huonekana mapema kabla mafunzo hayajafanya kazi. Lakini waliona pia kuwa mtoto haharibiki kwa ugumu wake. Huharibika pale anachodaiwa kisipolingana na alivyoumbwa. Waislamu hawakuhitaji kungojea New York kwa asili ya jambo hili. Yule Ashajji wa Abdul-Kais aliposifiwa na Mtume kwa upole na utaratibu, aliuliza kama amezichuma tabia hizo au ameumbwa nazo, akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu amemuumba nazo.

Ya pili, kwamba mpole hana taabu, ndiyo yenye hatari. Daktari Marten deVries aliwachunguza watoto wachanga wa Kimasai, kabila ambalo baadhi ya watu wake huchunga mpaka nyika za Handeni. Alichagua 10 walio wapole kuliko wote na 10 walio wagumu na wenye kulia. Ukaja ukame mkali wa miaka ya 1970, ng'ombe wakafa. Aliporudi kuwatafuta aliweza kupata habari za 13. Katika wapole 7, walikuwa wamekufa 5. Katika wagumu 6, alikuwa amekufa 1. Idadi ni ndogo mno kujengea kanuni, na mwenye insafu hataitia chumvi. Lakini maana yake inaingia akilini: penye maziwa machache, mwenye kulia ndiye aliyekumbukwa kwanza. Mtoto mpole akinyamaza kwa uchungu, hakuna aujuaye, na sifa zote za barazani humwendea yeye.

Na jinsi Mtume alivyokichukua kilio inajulikana. Alikuwa akiingia katika sala naye anataka kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kuujua uzito ulio katika moyo wa mama yake. Hakuamuru mtoto atolewe msikitini. Sala ya jamaa nzima, nyuma ya mbora wa maimamu, ilifupishwa kwa ajili ya mtoto mmoja asiyejua kusema. (Na mwenye kudhani kuwa kubeba mtoto si kazi ya mwanamume, na aulize Umama binti Zainab alibebwa na nani, na katika ibada gani.) Yule Al-Akraa aliyejivuna kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, hakusifiwa kwa uanaume wake, aliambiwa neno ambalo kila mwanachuo amelihifadhi.

Inabaki chuo. Mtoto wa miaka mitano aletwapo chuoni, hulia. Walimu wengine hukiona kilio kile kuwa ni uasi wa kukatwa siku ya kwanza, na bakora huwa ndiyo salamu. Uchunguzi wa nchi nzima ya Tanzania wa mwaka 2009, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa kiasi cha robo tatu ya vijana, wake kwa waume, walipata kupigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kutimia miaka 18, na wapigaji wengi ni jamaa na walimu. Wenye kutetea bakora huitaja hadithi ya sala. Waisome yote: mtoto huamrishwa akiwa na miaka saba, na kupigwa hakutajwi mpaka kumi, baina yake iko miaka mitatu ya kuambiwa tu, mara tano kila siku. Mtoto wa miaka mitano hamo katika hadithi ile hata kidogo. Na Mashafi wamemshartia mwalimu idhini ya walii, na pigo lisiloumiza, na wakamwekea dhamana likileta madhara. Ibnu Khalduni naye ameeleza katika Mukadima yake kuwa mwanafunzi aliyelelewa kwa ukali hujifunza uwongo na hila, huonyesha kwa nje kinyume cha yaliyo moyoni, na uchangamfu wa nafsi yake ukafa. Hali ya tatu ya Robertson inafanana mno na maneno haya, na kati ya watu hawa wawili ni zaidi ya miaka mia tano.

Kwa hiyo yule mtoto wa Korogwe hakusahau siku ya nne. Na bado kuna la kufanywa, hata kama mashauri ya wakubwa yatamwacha pale alipo. Robertson na mkewe Joyce, katika miaka ya 1960 na baada yake, waliwachukua nyumbani kwao watoto wanne wadogo, mmoja mmoja, mama zao walipokuwa hospitali. Waliwazoesha kabla ya siku yenyewe, wakawaachia vitu vya mama zao, wakamtaja mama kila siku, na baba akaja kuwatazama. Watoto walihuzunika, lakini hawakufikia ile hali ya kukata tamaa.

Haya hayamshindi bibi wa Korogwe. Kanga ya mama yaweza kuletwa na basi la kesho. Simu i mkononi, na sauti ya mama yaweza kusikiwa kabla ya kulala. Baba aweza kumrudisha mtoto Handeni, kisha akamleta tena baada ya muda, mama akifuatana naye, au mama wa mama, mpaka azoee nyumba. Mtoto akiishika kanga ile atalia upya, huenda kuliko siku ya kwanza, na bibi atadhani ameharibiwa kazi yake ya siku nne. Baba aliyekwisha kuzisoma kurasa hizi na amwambie mama yake kwa heshima: mwache alie, shikamoo mama, mpakate tu.